Walivyozing'arisha Sarafu za Gavana

Majirani zangu, nina jambo limenikaa kooni siku nyingi na leo nalitoa. Naomba msinikate kauli. Nataka niwaeleze nyumba moja ya mtaa huu ilivyomfanyia baba yake, na kila anayesikia ajiulize kama mikono yake ni misafi. Yangu si misafi, nami nitafika huko bila kujificha nyuma ya mtu.

Nina duka la steshenari. Natoa fotokopi, nauza madaftari na kalamu, nawachapia watu barua za kuomba kazi. Upande wa kushoto duka langu halina ukuta wa tofali, ni ubao tu, na ng'ambo ya ubao huo, kwa miaka kumi na mmoja, alikaa fundi saa tuliyemwita Gavana.

Asubuhi zetu zilikuwa tulivu. Alifika kabla yangu, akafuta kioo cha meza yake, akatandika kitambaa cheupe ili skrubu ikidondoka aione, akabana lenzi kwenye jicho na kuinama. Nikifungua mlango nilimsikia akikohoa, nikajua yupo. "Hazina inaendeleaje, Gavana?" nilikuwa namuuliza kupitia ubao. Yeye alinijibu kwamba hazina ni imara na wananchi wasiwe na wasiwasi, kisha kila mtu akashika kazi yake. Sijui mtaa wenye majirani wawili waliosikilizana kuliko sisi, au ndivyo nilivyojidanganya.

Jina la Gavana tulimpa kwa utani, maana alikuwa na benki isiyo na wateja. Alikusanya sarafu na noti za zamani. Alikuwa na sarafu zenye tundu katikati, sarafu zenye pembe nane, senti ndogo kama kifungo cha shati, na noti zilizokwisha kufutwa ambazo ukipeleka dukani unachekwa. Moja ilichapwa kiwandani kwa makosa, namba ya kushoto ikawa tofauti na ya kulia, na hiyo aliipenda kama mtoto wa mwisho. Nyingine alizipata kwa wateja waliokosa pesa ya kulipia mkanda wa saa, nyingine kwa wajane waliokuwa wakipangua masanduku ya marehemu waume zao. Na kabla hamjasema alikuwa anatapanya pesa za nyumba, nisikilizeni. Siku alipoacha sigara alijiwekea sharti kwamba pesa ya pakiti moja kwa wiki ndiyo ya sarafu, na hakuzidisha hata siku moja. Mke alikula, watoto walisoma, kodi ya kibanda ililipwa. Starehe ya mzee wa watu ilikuwa hiyo tu.

Kila sarafu aliikalisha ndani ya bahasha ndogo aliyoikunja mwenyewe kwa karatasi, akaandika juu yake kwa penseli ilitoka wapi na mwaka gani. Noti alizilaza katikati ya kurasa laini za daftari kubwa la jalada gumu. Vyote vilikaa ndani ya sanduku la mbao, na Jumapili baada ya chakula cha mchana alilipandisha mezani sebuleni akavitazama kimoja kimoja.

Na nyumbani walimchukuliaje? Walimcheka. Mke wake, mwanamke mchapakazi ambaye sina ugomvi naye, aliviita vyuma chakavu, akawa kila akifagia analisogeza sanduku kwa mguu. Mwanawe wa kwanza alifurahia zaidi kumtania mbele ya wageni. Huyo ni dalali, naye nitamwita Dalali, maana kazi yake imekwisha kumla mpaka mifupa. Alikuwa akisema, "Jamani, baba yangu ni milionea, ila milioni zake hazinunui kiberiti." Wageni walishika mbavu. Nami nilishika zangu, nilikuwepo. Mzee alitabasamu, akaanza kueleza kwa nini ile noti ya makosa ni adimu, na kabla hajafika katikati mmoja alikuwa anaangalia simu, mwingine anauliza kama chai ipo.

Hebu fikirini. Miaka thelathini mtu anakusanya, na katika nyumba yake hakuna aliyewahi kukaa naye dakika tano akamwuliza, baba, hiki ni nini na kinatunzwaje. Lishikeni hilo, kwa sababu yote yaliyofuata yalizaliwa hapo.

Utulivu wetu uliharibika mwaka jana. Gavana alianza kupoteza skrubu kwenye kitambaa cheupe. Akawa anajigonga kwenye mlango wa kibanda chake mwenyewe, bega hili leo, lile kesho, na mteja akisimama pembeni hamwoni mpaka akohoe. Binti yake, mwalimu wa chekechea anayeishi karibu na hospitali ya macho, akamlazimisha kwenda. Huko waliambiwa ni presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kwenda. La kushoto lingeweza kuokolewa kwa upasuaji, lakini upesi, maana ugonjwa huo, daktari alisema, kinachoondoka hakirudi. Akapangiwa tarehe, Alhamisi ya wiki ya tatu tangu siku ile, na malipo yafanyike kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Jicho la fundi saa, majirani, ndilo shamba lake. Kila mtu pale nyumbani alilijua hilo.

Akiba yake haikufika hata nusu. Hakumlilia mtu. Alinigongea ubao, akaniomba nimtafutie kwenye simu yangu namba ya mzee mmoja mpima ardhi mstaafu, ambaye naye ni mkusanyaji wa pesa za zamani na walikuwa wakikutana mara moja moja kubadilishana. Mpima alikuja siku ya pili na begi lake la ngozi, Gavana akiwa amelileta sanduku kibandani. Nilichungulia, sitadanganya. Alivaa glavu nyeupe za kitambaa, akaishika kila sarafu kwa ukingo, akaandika orodha ndefu kwa mwandiko wa kuchora ramani. Ilimchukua tangu asubuhi hadi alasiri. Mwisho akataja bei yake, na bei hiyo ilitosha upasuaji, na matone ya macho ya mwaka mzima, na nauli za kwenda na kurudi kliniki. Gavana hakubishana hata kidogo. Wakashikana mikono kwamba Mpima atarudi Jumatatu, siku tatu kabla ya upasuaji, na pesa taslimu.

Alipoondoka, Gavana alilifunga sanduku. Halafu nikasikia sauti yake kwenye ubao.

"Jirani, nimeuza."

Nilimpa pole, nikamwambia najua alivyovipenda.

"Usinipe pole," akasema. "Nilikuwa navitunza bila kujua navitunzia nini. Kumbe vilikuwa vya jicho."

Sasa mje kwa Dalali. Mnamfahamu wa aina hiyo hata kama hammjui. Simu mbili mkononi, viatu vinang'aa kuliko maisha yake, viwanja, vyumba vya kupanga, magari ya mkono wa pili, chochote kinachopita mbele yake lazima akiguse na mkono utoke na kitu. Tangu azaliwe hajaamini bei aliyotajiwa. Aliposikia kwa mama yake kwamba vyuma chakavu vimepata mnunuzi na bei ni hiyo, mate yalimjaa kinywani. Mtu aliyecheka miaka yote, siku moja tu, macho yakamtoka.

Ijumaa binti alimchukua baba yake akapimwe tena na kupewa maelekezo ya upasuaji, walale kwake, warudi Jumapili jioni. Gari lao halijapoa barabarani, Dalali yuko sebuleni kwa mama yake. Maneno yao nimeyapata kwa mama mwenyewe, aliyenisimulia akilia, na sina sababu ya kuyatilia shaka. Alimwambia kwamba yule mzee wa glavu anamwibia baba mchana kweupe, kwamba yeye ana tajiri wake anayependa vitu vya kale kupamba ofisi, na tajiri huyo atatoa mara mbili.

Mama akasema wamsubiri baba.

"Baba anataka kuona tu, mama. Biashara haijui," Dalali akamjibu. "Atapata ileile bei yake, jicho litatengenezwa. Kinachozidi ni jasho langu mimi."

Mmesikia? Baba anakaribia kupofuka, mtoto anatafuta cha juu. Kwa mgeni dalali kula cha juu ni kazi yake, simlaumu. Lakini cha juu kwenye jicho la baba yako? Naomba mtu mmoja tu anieleze hilo linaitwaje.

Mama akampa ufunguo wa sanduku. Dalali akazipiga picha sarafu na noti juu ya meza, akamtumia tajiri. Jibu likarudi kwa maneno mawili: mbona chafu. Hapo ndipo Dalali alipoamua kwamba zote zisafishwe kwa siku moja.

Jumamosi asubuhi nilipita uani kwao kuchukua ndoo yangu. Nikamkuta mke wa Gavana ameketi juu ya kigoda, beseni mbele yake, majivu kwenye kopo, ndimu zimekatwa vipande, na ile brashi ngumu ya kusugulia masufuria. Bahasha zimetupwa kwenye kikapu cha takataka. Alikuwa anasugua sarafu moja baada ya nyingine, na kila ikitoka inametameta, anaipangusa kwa pindo la kanga na kuiweka kwenye sinia. Uso wake ulikuwa na furaha. Akaniambia kwamba katika ndoa yao yote hakuwahi kumsaidia mumewe kwenye mambo haya, leo anamsaidia, na atakaporudi atazikuta kama zimetoka kiwandani. Nikamsifu. Nikasema, dada, zinapendeza kweli. Nikachukua ndoo yangu nikaenda zangu.

Huyo mama mimi simlaumu sana. Aliyemkabidhi majivu na ndimu ndiye namlaumu.

Mchana Dalali akaja dukani kwangu na lile daftari la jalada gumu chini ya kwapa. Noti alikuwa amezipiga pasi, zile zilizochanika ameziunga kwa selotepu. Akaniambia nizivalishe plastiki, zile za laminesheni kama ninavyovifanyia vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho, ili mteja akizishika zisizidi kuchakaa. Akaomba nimpunguzie kwa kuwa ni nyingi.

Hapa ndipo ninapoingia, majirani. Nilijua noti ni za nani. Nilijua baba hayupo. Na siku moja, sikumbuki lini, yule mzee alinieleza kupitia ubao kwamba karatasi ya pesa lazima ipumue, kwamba gundi na moto ni adui zake, kwamba hata alama ya kukunjwa ni sehemu ya thamani yake. Mimi nilikuwa nahesabu nakala za mtihani wa mtu, nikaitikia "eeh", likaingia sikio hili likatokea lile. Sasa noti zenyewe zimewekwa mbele yangu, na swali nililopaswa kuuliza lilikuwa dogo sana: baba anajua? Sikuuliza. Niliwasha mashine, ikapata moto, nikazilisha moja baada ya nyingine, zikatoka upande wa pili zimekauka kama kadi za kupigia kura. Na kona zilizokuwa zimechakaa nilizinyoosha kwa mkasi kwanza, ili zipendeze. Ile ya makosa ya namba nilianza nayo. Nilimpunguzia bei, nikamrudishia chenji yake, nikarudi kwenye fotokopi zangu.

Jumapili asubuhi tajiri akaletewa mzigo ofisini kwake. Akaichukua sarafu moja, akaigeuza, akachukua noti moja, akaipiga piga kwenye ukingo wa meza. Kisha akamuuliza Dalali, "Hizi umezitengenezea wapi?" Alidhani ni bandia, zilivyong'aa. Dalali akaapa kwa majina yote anayoyajua, tajiri akacheka, akasema yeye si mtoto, akapokea simu na kumwonyesha mlango. Dalali akarudisha kila kitu ndani ya sanduku, akamkabidhi mama yake ufunguo, akamwambia asiseme kitu. Akajipa moyo kwamba Mpima naye akiona zilivyotakata atapandisha bei mwenyewe.

Jumatatu Gavana akaniita niwe shahidi wa mauzo. Sebuleni tulikuwa yeye, mkewe, binti, Mpima na begi lake, na Dalali aliyesimama karibu na dirisha akijitia hamnazo. Gavana alivaa shati jeupe la pasi. Akafungua sanduku kwa mkono wake, akapeleka vidole ndani kutafuta bahasha ya kwanza, vidole vikakuta sarafu tupu. Akaitoa. Hakuhitaji kuileta karibu na jicho lake moja. Aliipitisha kidole gumba mara moja, mara ya pili, akairudisha. Akatoa nyingine. Akatoa ya tatu.

"Hizi si zangu," akasema.

Mkewe, masikini, akajibu kwa sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa. "Ndizo, baba watoto. Tumezisafisha."

Mpima aliinuka, akachukua sarafu kutoka mkononi mwa mwenzake, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akavua glavu zake akazikunja taratibu na kuziweka mfukoni, na mimi nisiyejua lolote nikajua kwamba mambo yameharibika. Alieleza bila ukali. Ile rangi ya kahawia na kijani iliyokuwa juu ya sarafu ndiyo ngozi yake, imeota kwa miaka sitini au mia, na ndiyo ushahidi kwamba ni yenyewe. Ikisuguliwa inaondoka na uso wa sarafu, inabaki michirizi ya brashi, na hakuna mkusanyaji duniani atakayeitaka. Kilichobaki ni uzito wa shaba.

Dalali akapata ulimi. Alisema huo ni ujanja wa kushusha bei, kwamba kitu kikiwa kisafi kinapanda, hata gari linaoshwa kabla ya kuuzwa.

"Mwanangu," Mpima akamwambia, "ungetaka kujua ungemuuliza baba yako. Hapa mtaani hakuna anayezijua kama yeye."

Hapo Gavana akauliza noti ziko wapi. Binti akampa daftari. Alilifungua, na plastiki ikalia chini ya vidole vyake, kra, kra, kra. Alijaribu kuchomeka ukucha kwenye ukingo wa noti moja. Mpima akamshika mkono akamwambia aache, ukiibandua inachanika, wino unabaki kwenye plastiki. Gavana akalifunga daftari. Kisha mzee akauliza ni nani mwenye mashine, na swali hilo halikuhitaji kujibiwa, mtaa mzima una mashine moja.

"Ni mimi, jirani," nikasema.

Alinigeukia, ila hakunipata vizuri, akawa anatazama bega langu. "Kumbe kwenye ule ubao," akasema, "nilikuwa nasema peke yangu."

Tangu siku hiyo nimetukanwa na wateja, nimegombezwa na mume wangu, nimeitwa ofisi ya kodi. Hakuna kilichoniingia kama maneno hayo.

Chini kabisa ya sanduku zilipatikana sarafu sita zilizokuwa bado na bahasha zake, ndimu ziliisha kabla hazijafikiwa. Mpima alizinunua papo hapo, na naamini aliongeza kidogo kwa huruma. Pesa hiyo haikufika hata robo ya gharama ya upasuaji. Alimkumbatia mwenzake mlangoni, wazee wawili, wakakaa hivyo muda mrefu. Na Dalali, mnajua alisema nini mgeni alipotoka? Alisema hasara ni sehemu ya biashara. Alimwambia hivyo baba yake, aliyebakiza siku tatu. Binti alimwambia atoke nje, naye akatoka akiwa na simu sikioni.

Alhamisi ikaja, Alhamisi ikapita. Kitanda kilipewa mgonjwa mwingine. Tukaitisha mchango wa mtaa, nikachapa daftari la majina bila malipo, nikalizungusha mimi mwenyewe nyumba kwa nyumba kwa sababu usingizi ulikuwa umenipa mgongo. Wengine walitoa, Mungu awalipe. Wengine waliniambia mwisho wa mwezi, kisha mwisho wa mwezi mwingine. Dalali alisimama mbele ya watu, akaandika ahadi kubwa kuliko zote, watu wakampigia makofi. Mpaka leo mbele ya jina lake hakuna alama ya kulipa. Hata hao waliompigia makofi hawajamuuliza, kwa kuwa ni yeye anayewatafutia vyumba vya kupanga.

Pesa ilitimia wiki ya kumi na moja. Upasuaji ulifanyika, na ulikwenda vizuri, daktari hana kosa. Lakini presha ya jicho haikusubiri daftari letu la michango. Siku ya kufunguliwa bandeji, binti aliniambia, daktari alimmulikia tochi akamuuliza anaona nini. Akasema anaona mwanga, ila hajui unatoka upande gani. Daktari akasema huo huo ndio utakaobaki, na kwamba wangekuja tarehe ile ya kwanza, mzee angekuwa anasoma gazeti.

Vifaa vyake vya kazi vimeuzwa, vibano, bisibisi ndogo, lenzi, hata kitambaa cheupe. Kibanda hajakiachia. Mkewe humshika mkono asubuhi, humketisha pale pale, na humjia saa sita na chakula, na katika safari hizo mbili nimemwona mama huyo akizeeka mbele ya macho yangu. Mzee hanisemi vibaya. Ananisalimu. Ila utani wetu umekufa, na sijathubutu kuufufua. Mtu aliyetengeneza saa za mtaa huu wote hukaa ng'ambo ya ubao, na mara tatu nne kwa siku hugonga polepole na kuniuliza ni saa ngapi. Naacha chochote ninachofanya, namwambia.

FUNZO

Sitaki mtu aondoke hapa akisema funzo ni kwamba sarafu za kale hazioshwi. Hilo ni la wakusanyaji, na mkusanyaji alikuwepo nyumbani kwao, na hakuulizwa.

Funzo la kwanza ni hili: kitu anachokipenda mtu wa nyumbani kwako, hata kama kwako ni vyuma chakavu, kaa naye umsikilize. Si lazima ukipende. Lakini usikicheke miaka thelathini halafu siku ya thamani yake ukawa wa kwanza kukishika. Dharau ndiyo iliyowafanya wasijue, na tamaa ndiyo iliyowafanya waguse wasichokijua. Zikikutana hizo mbili ndani ya nyumba moja, anayeumia ni yule mtulivu kuliko wote.

La pili nawaambia vijana wa simu mbili. Mali ya mzazi aliye hai ni yake. Ugonjwa wa mzazi si soko. Ukitaka kumsaidia, msaidie ukiwa mbele yake, akikuona, akikubali. Ukiona unataka awe safarini ndipo ufanye wema wako, jua huo si wema.

Na la tatu ni langu mimi, nalo naliweka mbele yenu mnishike nalo. Sisi wenye mashine, wenye mizani, wenye mihuri, tunapenda kusema kwamba tulifanya kazi tuliyopewa. Mimi nilifanya kazi niliyopewa, nikaifanya vizuri, na mtu amepofuka. Siku hizi mtu akiniletea karatasi ya zamani namuuliza ni ya nani na mwenyewe yuko wapi, na asiponijibu namwambia aende duka la mtaa mwingine. Nimepoteza wateja kadhaa, na waendelee kwenda. Nyinyi mliomo kwenye daftari la mchango na mpaka leo hamjalipa ahadi zenu, daftari bado ninalo, na kesho nitapita.